Tundu la Tatu

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, mfukoni sina kitu. Shangazi akanichukua hadi Bomas, kile kituo cha utamaduni kule Lang'ata, nimlindie meza yake ya nyungo na matenga kwenye tamasha la ufundi wa mianzi na ngoma. Mauzo yalikuwa hafifu. Mtu wa Nairobi atalisifu tenga, aligeuze, alipige picha, kisha aende zake akanunue la plastiki.

Mkabala wetu alikaa mzee wa Kidigo kutoka Kwale, akitengeneza chivoti, ile filimbi inayopulizwa kwa ubavu. Kando yake jiko la makaa, na ndani yake vyuma vitatu vimeiva vyekundu. Meza ya shangazi ikanishinda kulinda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti basi, mbona wasimama kama askari?"

Akanionyesha pingili: upande mmoja umezibwa na fundo lake lenyewe, wa pili uko wazi. Tundu la kupulizia hukaa karibu na fundo, halafu yanafuata sita ya vidole. Nikamuuliza kwa nini hatumii kisu. Akacheka. Mwanzi ukiuchokoa kwa kisu hupasuka kufuata nyuzi zake. Moto hula polepole, lakini haupasui. Chuma kikigusa, chiii, moshi unakupanda puani, na ukingo wa tundu unabaki mweusi kama wanja.

Nikaomba nijaribu. La kwanza sawa, la pili sawa. Nikiwa kwenye la tatu, kayamba zikalia uwanjani (hizo si mianzi, ni matete na mbegu za mturituri, ingawa siku ile kila mtu aliziita mianzi) nami nikageuza shingo. Tundu likaenda kombo, tena pana.

Mzee hakunigombeza. Alimalizia yaliyobaki mwenyewe, akapuliza, akakunja uso. Akatoa donge la nta ya nyuki kwenye mfuko wa shati, akapaka ukingoni kwa ukucha, akapuliza tena. Afadhali kidogo.

"Hii hakuna wa kuinunua," akasema. "Kwa hiyo utainunua wewe. Mia mbili."

Shangazi alilipa, akanikata posho yote ya siku, na maneno juu.

Jioni tukapanda matatu ya 125 kurudi Rongai. Nikaitoa chivoti, nikapuliza. Muziki wa matatu ulikuwa umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka. Sikusikia hata sauti moja. Nilihisi tu pumzi yangu yenye joto ikitokea chini ya kidole, pale penye nta.