Siku Fuso ya mahindi ilipokuja na kahawa chini

Watu wakisikia niliwahi kukaanga kahawa Mtwara wanacheka, Mtwara hii hii ya korosho? Ndio, hii hii. Kahawa ya arabika inataka milima na baridi, pale kwetu ni pwani na jasho, kwa hiyo kahawa yetu ilikuwa inatoka Mbinga, yaani unatoka Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, afu ndo unapanda kwa Wamatengo kwenye mashamba yao ya ngoro (yale ya mashimo mashimo mlimani), zaidi ya kilomita 700 hiyo, na nauli ya mzigo unaijua mwenyewe.

Kiwanda chenyewe nikisema kiwanda msijenge picha kubwa. Nyumba ya kupanga Chikongola, pipa la chuma lililochomelewa na fundi, mota ya kulizungusha, mtungi wa gesi chini (gesi ya kununua dukani jamani, ile ya Mnazi Bay ilishaingia kwenye bomba ikaenda Dar toka 2015). Tulikuwa watatu, mimi, mshkaji mmoja wa Newala, na mwenye mali ambaye sote tulimwita Dada, alikuwa amejifunza kuonja kahawa huko Moshi na alikuwa na masharti utadhani ananunua kiwanja. Gunia lazima lije na karatasi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Lazima ajue kahawa imeoshwa wapi na imeanikwa wapi, na mkulima awe ameshalipwa. Sisi tulikuwa tunaona anajisumbua, maana mnywaji wa Mtwara anataka kahawa chungu na kashata, nani atamuuliza habari za mkulima wa Mbinga.

Basi mwaka 2021, katikati ya mwaka, stoo ikaanza kukauka. Msimu mpya kule ulikuwa ndo unaanza, kahawa ikishachumwa bado inamenywa, inavundikwa, inaoshwa, inaanikwa, inakobolewa, haiji kesho. Na wakati huohuo kuna hoteli ya Mikindani ilikuwa imetoa oda nzuri tu. Siku hiyo nipo nje napepeta, naona Fuso inapaki, imejaa mahindi kutoka Ruvuma, si unajua mahindi yao yanashuka sana huku kwetu, mzee akashuka akauliza hapa ndo kwa yule binti wa kahawa? Nikamuamkia, nikamwita Dada. Mzee hakuzunguka, akamwambia kijana wake asogeze magunia ya juu, chini ya mahindi kukatokea kahawa.

Bei aliyotaja mshkaji wangu aliguna kwa sauti. Ilikuwa chini ya ile tunayonunulia sisi karibu theluthi nzima, na ameshaifikisha mlangoni!

Dada akauliza, "Mzee wangu, karatasi zake?"

"Karatasi za nini tena mwanangu, kahawa si hii unaiona."

"Ya wakulima gani?"

"Wengi wengi tu, mi nakusanya."

"Wamelipwa?"

Hapo mzee akacheka kabisa, akajipiga kifua. "Hao nimeshawalipa toka mwezi wa pili, hanidai mtu hata mia."

Mshkaji akaninong'oneza, si ndo vizuri, wamelipwa mapema. Mi nilishaelewa. Nimelelewa na bibi Nanyamba, mwezi wa pili naujua, ghala halina kitu, ada zinadaiwa, na kuna mtu anapita na baiskeli anakopesha hela ndogo, utamlipa korosho zikianguka, kwa kipimo chake yeye. Kangomba. Kule Mbinga wanaita magoma, Kagera butura, ni yaleyale. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza itanunua korosho kwa 3,300 kwa kilo, bibi aliisikia redioni tu, za kwake zilishakuwa za mtu toka masika, na hata huyo mtu alikuja kuhangaika na uhakiki wa Serikali wa kuonyesha shamba lake liko wapi, sikumuonea huruma. Kwa hiyo mzee alivyojisifu kalipa mwezi wa pili, mi nikamwangalia usoni nikamwona yule wa baiskeli.

Dada hakumhubiria, kitu ambacho mpaka leo nakiheshimu. Akasema sawa mzee, tuikaange kidogo tuione. Akachota, akaipeleka kwanza mwangani, nyingi zimevunjika, inaonekana zimekobolewa kwenye mashine ya mpunga. Tukawasha pipa. Kahawa ikifika karibu nyuzi 200 inaanza kupasuka, ta, ta, ta, na kawaida mlio unakuja kwa pamoja, hii ikawa inapasuka hapa kidogo pale kidogo, moshi umeshatanda lakini nyingine zipo zipo tu. Akaimwaga kwenye ungo. Jamani ule ungo, katikati ya punje za kahawia zimetapakaa nyingine za njano, kama karanga mtu kasahau kuzikaanga.

Akaanza kuchambua mbele ya mzee, anaweka za njano pembeni, taratibu, hana haraka. Punje iliyochumwa kijani haina sukari ya kutosha, motoni haikolei rangi hata uifanyeje, na ukiisaga inatoa ladha ya karatasi. Shamba likivunwa inavyotakiwa unapita mti uleule mara kadhaa msimu mzima, unachuma nyekundu tu, kijani unaiacha iive. Sasa mtu ambaye hela ya kilo zile kashaila mwezi wa pili apite mara nne ya nini? Anakwangua tawi zima siku moja, mbivu na mbichi, anamkabidhi mwenye deni lake, akalale.

Fungu la njano likawa kubwa. Dada akasema, "Mzee wangu, hii siwezi. Na hata ingekuwa nzuri nisingeichukua, samahani sana." Mzee akapunguza bei. Akapunguza tena! Mshkaji ananikanyaga mguu, mi najua anachowaza, kahawa ikipita pipani inapoteza karibu asilimia 15 mpaka 20 ya uzito, kwa hiyo bei ile ilikuwa inafidia hasara yote na mshahara wetu juu. Dada akasema hapana, akamletea mzee maji ya kunywa, wakaagana vizuri tu.

Oda ya Mikindani ikaenda kwa mtu mwingine. Pipa likakaa kimya mpaka mzigo wa AMCOS ulipofika, mshahara tukapewa nusu, mi nikaenda kubeba viroba sokoni. Na ile kahawa ya mzee haikukosa mteja, tulisikia imenunuliwa hukohuko mjini, mwenye birika kubwa akiweka tangawizi na iliki ya kutosha nani atajua punje gani ilikuwa ya njano, nahisi hata mimi niliinywa.

Mshkaji wa Newala tukikutana bado tunabishana. Anasema mkulima hela keshakula, kahawa keshatoa, sasa Dada kukataa kumemsaidia nini yule Mmatengo? Namwambia mnunuzi akikosa soko huku, mwakani atafikiria mara mbili kukopesha. Anajibu alikosa soko wapi, si aliuza jioni ileile. Kweli aliuza. Basi namgeuzia, nauliza wewe mbona korosho zako humpi wa kangomba, si hela ya mapema? Anasema mi nina mshahara wa kusogezea mpaka mnada wa korosho, bibi yako alikuwa na nini?