Siku moja maishani mwangu: fundi antena, Dar

Watu wakisikia fundi antena wanadhani kazi yangu ni kupanda bati nikageuze chuma nishuke. Haya, twendeni wote Jumamosi iliyopita.

Saa kumi na mbili na nusu chai na chapati mbili kwa mama ntilie, saa mbili Vingunguti kuna king'amuzi kimepoteza chaneli, nikatafuta upya, elfu tano. Saa nne Ukonga, konekta imelegea. Hizo ndo kazi tamu.

Saa sita na nusu nikafika kwa mzee mmoja Segerea. Sijaweka hata begi chini, "Antena mbovu hiyo, na hiyo ni ya pili nimenunua, we panda uizungushe tu." Nikaomba nione kwanza kipimo kwenye king'amuzi. Nguvu asilimia 80 na kitu, ubora 12 unapanda unashuka. Maana yake mawimbi yapo ila yanafika machafu. Mzee hataki kusikia, nikapanda. Bati la Dar saa saba mchana jamani, nimetandika gunia bichi chini ya magoti na bado naungua. Mzee uani, "Zungusha! Bado! Zungusha tena!", mjukuu dirishani, "Imekujaaa! Aah imeondoka!" Shida mzee bado ana akili za chenga, enzi zile kabla analojia haijazimwa Dar Desemba 31, 2012, ukigusa antena chenga unaziona zinapungua hapo hapo. Digitali king'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kushika, kwahiyo mtoto akisema imekuja mi nshapapita zamani. Unasogeza kidogo, unatulia. Sasa tulia na yule mzee kama utaweza.

Nikashuka nikaufuata waya kwa mkono. Pembeni ya paa nikakuta kiungo kimesokotwa na vidole kikazungushiwa selotepu, maji ya mvua yameingia, shaba imekuwa kijani. Na busta aliyouziwa Kariakoo kaiweka nyuma ya tivii! Busta inakuza chochote unachoipa, ukiipa uchafu inakuza uchafu, mahali pake ni juu mlingotini kabla mawimbi hayajachoka njiani. Nikavuta waya mpya mita 15 bila kiungo, busta nikaipandisha, adapta yake ikabaki chini ukutani maana umeme unapanda kwa waya huo huo. Ubora 78, picha imetulia tuli.

"Si nilikwambia kuzungusha tu?" Akanipa elfu kumi kati ya thelathini tulizoelewana, zingine njoo Jumatatu.

Baada ya hapo saa sijui zilienda vipi. Kuna Kinyerezi mwembe wa jirani umeota mbele ya antena, nikaongeza bomba, kuna sehemu nyingine hata sikumbuki, magoti yamekufa.

Usiku ndo natia tonge la kwanza mdomoni, simu. "Fundi, tivii yako imepotea tena!" Tivii yangu? Nikamuuliza, mzee, kile kiadapta ukutani kinawaka taa?

Kimya. Kwa mbali namsikia mjukuu, "Babu, si umesema nikuchajie simu?"