Mdomo Kwanza, Miguu Baadaye

"Shangazi, akiachama nirudishe mkono?"

Mtoto wa kaka yangu alinipigia juzi, kasuku yuko mbele yake. Nikamwambia hapana, tulia hapo hapo. Tangu siku hiyo namfikiria Kito, kasuku wetu wa zamani, na ile Julai ya Uyole, Mbeya, ambayo baridi yake ilikuwa haitaki kuisha.

Kito aliachwa na mzee aliyehama. Alikuja na tundu, karatasi za kibali, na hofu ya mikono. Alikotoka walimshika kwa glavu nene, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Glavu inamtisha ndege, na aliyeivaa hajui amebana kiasi gani. Kasuku hana kiwambo kama chetu, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Anapumua kwa kutanua kifua. Ukimbana kifuani humuumizi tu, unamnyima hewa.

Kwa hiyo mwanzoni sikumgusa. Tundu tulilisogeza ukutani sebuleni, mbali na dirisha, na jiko la mkaa likahamia nje licha ya baridi yote ile, maana hewa ya mkaa humuua ndege mapema kuliko mtu. Parachichi, ambalo Mbeya halikosi mezani, halikuingia chumba kile: lina sumu inayoharibu moyo wa kasuku. Alizeti nikaitoa kwenye bakuli lake, akawa anakula mtama, mahindi mabichi, karoti na mboga za majani. Alizeti ina mafuta mengi mno kuwa mlo, lakini ikiadimika inakuwa ujira mzuri.

Nilianza na kijiti cha mpera, unene wa kutosha vidole vyake vizunguke kama robo tatu. Kijiti kilikaa kwanza nje ya tundu, kisha mlangoni, kisha ndani, na kila alipokitazama bila kurudi nyuma alipata punje moja. Alipokizoea nikakipeleka pale mapaja yanapokutana na tumbo, juu kidogo ya miguu, nikakisukuma taratibu na kusema "panda". Kikiwa chini sana inabidi ateremke, naye hapendi kuteremka; kikija usoni anadhani anashambuliwa. Punje itoke papo hapo mguu unapokanyaga. Ukichelewa, atadhani amelipwa kwa jambo jingine alilofanya baadaye. Dakika tano hadi kumi zinatosha, asubuhi kabla hajala, na uache angali anataka.

Kijiti nikawa nakifupisha mkononi, kidole changu kinasogea karibu naye kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja kikabaki kidole peke yake.

Aligeuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja. Nilitazama manyoya ya shingo: yamelala. Nikatazama mboni: imetulia, haibani na kupanuka haraka haraka. Yangekuwa yamesimama, au shingo imenyooka na mboni inacheza, ningeondoa mkono kabla hajafika, kwa heshima tu. Akainama. Mdomo mweusi ukafunguka, nikauona ulimi wake mnene na mkavu, halafu ukafunga juu ya kidole changu. Hakuuma. Alikaza, akalegeza, akavuta kidogo kuelekea kwake, kama fundi anayetikisa ngazi kabla ya kuweka mguu. Nilikaza kiwiko ubavuni ili mkono usitetemeke. Ulimi ukagusa ngozi. Kisha mguu wa kulia ukaja, vidole viwili mbele na viwili nyuma, vya baridi na vigumu. Ukafuata wa kushoto, na uzito wake wote ukawa kwangu.

Hapo ndipo wengi wanapomharibu ndege. Wanaona mdomo, wanavuta mkono. Kasuku anajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba mkono ni tawi linaloanguka, na kwamba mdomo unafukuza watu. Safari nyingine anauma kweli. Hata hapo usipige kelele wala usimkung'ute. Mrudishe kwenye kijiti chake kimya kimya, usimpe punje, jaribu baadaye.

Mengine yalikwenda haraka. Akapanda mkono wa mama, akapanda wa wadogo zangu, akazoea kuingia mwenyewe kwenye kizimba cha safari tulipompeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Bega tulimnyima, maana akiwa begani humwoni macho wala shingo.

Ila kwa baba, hapana. Baba alifuata kila hatua, kwa subira kuliko yangu, mkono wake haukuyumba, na Kito aliupima kwa mdomo vizuri kabisa, kisha akarudi nyuma. Tuliondoa kofia, tukaondoa saa, tukabadilisha hata upande anaosimama. Labda mzee wa kwanza alikuwa na sauti kama ya baba, sijui. Wao wawili wakakubaliana kijiti, na kwa kijiti hicho baba alimtoa tunduni kila asubuhi ili abadilishe maji.