Maji na Matairi Mbele ya Bunge la Colorado

Siku moja mwaka 2024 nilishinda Denver, kwenye Bunge la jimbo la Colorado, Marekani, ambako wabunge walikuwa wakijadili muswada wa kuzuia nyasi za mapambo zinazonyonya maji kwenye maeneo ya biashara, na mwingine wa usimamizi wa matairi chakavu.

Mto Colorado unategemewa na watu wapatao milioni 40, nao umepungua mno.

Kilichonigusa ni picha aliyoishika mzee mmoja aliyeketi mbele yangu: rundo la matairi nyuma ya nyumba yake, kila moja likiwa na maji ya mvua yaliyojaa viluwiluwi vya mbu.

Niliunga mkono miswada yote miwili kwa moyo wangu wote.

Ndugu zangu mlioko majimbo mengine, kwenu matairi yaliyokwisha hupelekwa wapi?