Leo ni Mikaeli

Mama wa ghorofa ya chini ni Mwethiopia, tuko jengo moja hapa Nairobi miaka minne sasa, na kilichotuelewanisha kwanza ni saa. Ukimwambia saa mbili asubuhi anajua ni saa mbili, maana kwao pia wanahesabu tangu jua lichomoze, kama sisi. Kwenye tarehe ndio tukapotezana. Nilikuwa nimletee fundi wa bomba, nikamuuliza siku gani itamfaa, akaniambia siku yoyote mwanangu ila usije Mikaeli. Sasa Mikaeli ndio lini?

Akanipeleka jikoni. Juu ya friji kuna kalenda ya karatasi, kona imelowa mafuta, na tarehe zake zina wenyewe, watakatifu na malaika wa kanisa lao. Tarehe 12 ya kila mwezi wao ni Mikaeli, 19 Gabrieli, 21 Mama Maria, 23 Giorgis, 27 Mwokozi wa Ulimwengu, na miezi yenyewe ni 13, 12 ya kwanza ina siku 30 kila mmoja halafu mwishoni kuna Pagume ya siku 5, au 6 mwaka mrefu. Na Mikaeli ile ilikuwa zamu yake kuwapokea wenzake wa mahaber, yaani ni kama chama chetu cha kuzungukiana nyumba kwa nyumba, wanaombewa na padri, wanakula mkate, wanakunywa tella, pombe yao ya kienyeji, tofauti ni kwamba chama ni cha mtakatifu mwenyewe.

Tangu hapo sijaachana na hii habari, nimesoma kila nilichopata. Kumbe nyuma ya kalenda kuna kitabu kizima, Sinkisar, kina maisha ya watakatifu siku baada ya siku mwaka mzima, kwenye nakala za zamani za ngozi mara nyingi kimegawanywa mara mbili, nusu mwaka kila juzuu, wino mweusi na majina ya watakatifu kwa wino mwekundu. Kinasomwa kanisani kwa Ge'ez, lugha ambayo siku hizi hakuna anayeiongea nyumbani. Waarmenia nao wanacho cha kwao, wanakiita Haysmavurk, na hilo jina maana yake ni "katika siku hii" tu, kwa sababu ndivyo kila habari inavyoanza. Nalipenda sana hilo jina.

Lakini kilichonigusa zaidi ni jinsi Sinkisar ilivyofika Ethiopia. Ilitoka kwa Wakopti, Wakristo wa Misri, ilikuwa kwa Kiarabu, na mwishoni mwa karne ya 14 mtawa mmoja, Simeoni, akaitafsiri kwa Ge'ez kule monasteri ya Mtakatifu Antoni, jangwani Misri. Wangeweza kuishia hapo, wakasoma watakatifu wa watu wengine mpaka leo. Hawakuishia hapo!! Waliokuja baadaye wakaongeza watu wao, wafalme na watawa wa milima yao, na mwisho wa kila habari wakaweka shairi fupi la kumsalimia mtakatifu, linaitwa selam, neno ambalo mswahili yeyote analisikia bila mkalimani.

Mmoja wa hao ni Yared wa Aksum, mji wa kale wa Ethiopia, karne ya 6, ndiye wanayemhesabu baba wa nyimbo za kanisa lao. Alishindwa masomo utotoni akatoroka, akakaa chini ya mti akaona kiwavi kinapanda kinaanguka, kinapanda kinaanguka, mpaka kikafika juu, akarudi kwa mwalimu wake. Na ukubwani siku moja anaimba mbele ya mfalme Gebre Meskel, mfalme ameegemea mkuki wake anasikiliza, ncha ikaingia kwenye mguu wa Yared, damu inatoka na wote wawili hawana habari mpaka wimbo ukaisha. Mfalme akamwambia omba chochote, akaomba aachwe aende akawe mtawa milima ya Simien. Mimi hiyo nimeisoma usiku nikashindwa kulala, naona ule mguu.

Siku yake ni tarehe 11 ya mwezi wao wa Ginbot, kwetu 19 Mei. Mwaka huu nilishuka asubuhi kabla ya kazi nikagonga, mama akafungua na shuka begani, nikamwambia leo ni Yared. Akaniangalia kidogo, akasema, "Kidus Yared. Kidus kwanza, ndio jina," kidus kwao ni mtakatifu, halafu akarudi ndani kuweka kahawa jikoni na akaacha mlango wazi.