Kesi ya Mzee wa Mlimani

Baba mdogo alikuja Mbeya Julai 2014 kwa ajili ya kliniki ya presha. Akashuka kwetu Ilomba na mkungu wa ndizi, kiroba cha maparachichi na mkoba wa ngozi ambao hakumruhusu mtu ambebee. Alisema atakaa siku tatu. Alikaa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili alisikiliza kesi moja.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwezi Mei. Sikuwamo katika majina ya waliopangiwa JKT, matokeo yalikuwa hayajatoka. Na Julai ya Mbeya mnaijua: asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, maji ya bomba yanakufisha vidole ganzi, na mtu asiye na shughuli hana sababu ya kutoka nje kabla ya saa nne. Mimi sababu ya kubaki ndani nilikuwa nayo. Kaka yangu alikuwa fundi kompyuta pale Kabwe, na sebuleni alikuwa ameunga kompyuta kutokana na maiti za kompyuta nyingine. Ubavuni haikuwa na mfuniko, feni yake ikilia kama mashine ya kusaga. Ndani yake aliweka gemu linaloitwa Skyrim.

Kwa rika letu gemu lilikuwa mpira. Unakwenda kibandani, unalipa mechi moja, ukifungwa unampisha mwenzako. Skyrim, ambayo kampuni ya Bethesda waliitoa tarehe 11 Novemba 2011, haina cha kumpisha mtu. Inaanza umefungwa mikono kwenye mkokoteni pamoja na wafungwa wengine, mnapelekwa kukatwa vichwa. Mkifika, askari mwenye orodha anakuuliza wewe ni nani. Hapo kila kitu kinasimama, unapewa nafasi ya kujibu: unachagua mmoja kati ya makabila kumi, wakiwamo wenye umbo la paka na wenye umbo la mjusi, unachonga pua, unaandika jina. Ukimaliza, askari anatazama orodha yake. Jina lako halimo. Na bado unapelekwa kwenye gogo.

Mimi niliandika Tusekile.

Wala sikulifikiria. Ni jina la bibi yangu mzaa baba, aliyefariki nikiwa darasa la saba. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina jingine, la kanisani, lakini nyumbani mimi ni Tusekile, na kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, baba mdogo ananiita mama tangu nikiwa mgongoni. Nilimchagua mwanamke wa kabila la Redguard, ambao ndio wenye ngozi kama yangu, nikamchonga mpaka akanifanana kidogo.

Kaka hakucheza hivyo. Wa kwake alikuwa Orc, jitu la kijani lenye meno ya chini yaliyotokeza, akamwita Dalali. Nyuma ya daftari lake la madeni ya wateja alimwandikia hadi historia: mzaliwa wa Tunduma, alidhulumiwa mpakani akiwa kijana, haamini mtu, hagusi silaha ndogo. Kaka yangu ni mwimbaji wa kwaya ya Moravian, hajawahi kumzidishia mteja bei ya waya. Dalali akiingia dukani anachukua ndoo, anamvisha muuzaji kichwani, kisha anapakia bidhaa zote mbele yake. Yule muuzaji, kwa kuwa macho yamefunikwa, haoni wizi wowote, anasimama tu na ndoo yake kwa adabu. Ni kasoro ya gemu ambayo wachezaji dunia nzima wanaijua, na kaka alicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Nikimlaumu anasema: "Mimi sijaiba. Dalali ameiba."

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kuwa ubishi wetu ni wa zamani kuliko sisi. Michezo hii ya kuigiza uhusika ilianzia mezani, kwa kete na karatasi, pale Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974. Mwaka 1985 Richard Garriott akatoa gemu la kompyuta, Ultima IV, ambayo haikuwa na adui mkuu wa kuua. Mwanzoni kabisa mpiga ramli anakuuliza maswali ya maadili yasiyo na jibu sahihi, na kwa majibu yako gemu linaamua wewe utakuwa nani. Garriott alitaka ujibu kama wewe mwenyewe. Kaka angeichukia. Na wanaodhani watu hukimbilia uovu wakipewa nafasi, mmoja wa waliotengeneza gemu la Mass Effect, John Ebenger, alisema mwaka 2020 kwamba kama asilimia 92 ya wachezaji walifuata njia ya wema, wakati wao walikuwa wamehangaika sana kuitengeneza ile ya ukatili.

Mimi nilijihesabu katika hao 92.

Baba mdogo alianza kutazama siku ya pili, kwa sababu televisheni ilikuwa imeharibika na kliniki walikuwa wamempa tarehe nyingine. Kule Rungwe alikuwa mzee wa baraza wa mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale wazee wasiopungua wawili waliokuwa wakikaa na hakimu, na wakati ule uamuzi ulipitishwa kwa wingi wa kura, kura ya mzee ikihesabiwa sawa na ya hakimu. Kazi hiyo alikuwa nayo mwilini. Nilipomweleza habari ya yule mfungwa asiye kwenye orodha, alivua kofia.

"Hajasomewa shtaka?"

"Hapana, baba."

"Na huyo mwenye orodha ameona jina halipo?"

"Ameona."

Akanyamaza muda mrefu. Tangu hapo akawa anavuta kiti.

Kesi yenyewe ilikuwa hii. Juu ya mlima mrefu kuliko yote katika nchi ya Skyrim anaishi joka mzee, Paarthurnax, ambaye sauti yake (kaka hakukosa kunikumbusha) ni ya Charles Martinet, yuleyule aliyekuwa akimsemea Mario. Zamani za kale joka huyu alikuwa mkono wa kuume wa Alduin, joka mkuu, na pamoja naye aliwatesa watu. Kisha akageuka, akawafundisha watu nguvu ya sauti ambayo kwayo walimwangusha Alduin. Sasa anakaa kileleni kwa kutafakari, na chini yake kuna wazee wa monasteri wanaomheshimu. Amekusaidia, amekufundisha. Halafu Delphine na Esbern, masalia ya kikosi kiitwacho Blades, wanakuambia: muue, la sivyo hatukusaidii tena.

Baba mdogo hakuweza kulitamka jina lake. Alimwita Mzee wa Mlimani.

"Mlalamikaji nani?"

Nikamtajia wawili wale. Kaka akasema yeye atawasemea.

"Mahakama ya mwanzo haina wakili," baba mdogo akasema. "Waje wenyewe. Na kwanza mauaji si kesi ya mahakama ya mwanzo, hayo ni ya Mahakama Kuu. Lakini tumeshakaa." Akamwita mama kutoka jikoni, kwa kuwa mzee mmoja hatoshi.

Akauliza kama waliouawa wana ndugu waliokuja. Nikasema ni maelfu ya miaka. Je, hawa walalamikaji walikuwepo? Hawakuwepo. Wamejuaje? Wamesoma vitabuni. Akatoa daftari kwenye ule mkoba wa ngozi na kuandika kitu, sijapata kukiona.

"Mshtakiwa ameitwa?"

Ikabidi nimpandishe Tusekile mlimani. Njia ile inaitwa ya ngazi 7,000, theluji inapiga, mbele huoni hatua kumi. "Hapa ni Loleza kabisa," baba mdogo akasema, akajifunika blanketi. Tulipofika nikamuuliza joka kuhusu madai yale, na kila alilosema nikalitafsiri polepole. Hakukana. Alisema hao wanaotaka afe hawajakosea kutomwamini, maana hata yeye hajiamini. Tabia aliyozaliwa nayo haijaondoka, ila kila siku anaikatalia.

"Amekiri," mama akasema. "Joka limekula watu, liuawe. Nina maharage jikoni."

"Na wewe?" baba mdogo akamgeukia kaka.

"Dalali angemuua. Tena alishamuua, Blades wana faida kuliko wale wazee."

"Sijamuuliza Dalali."

Kaka akaangalia kibodi. Hakujibu, na mimi nikafurahi, kwa sababu nilidhani ushindi ni wangu. Zamu yangu ilipofika nikasema nitafanya kilichoandikwa kwenye orodha ya kazi.

"Nani ameandika?"

"Gemu, baba."

"Basi wewe si mzee wa baraza, wewe ni tarishi," akasema, lakini kwa upole, akaahirisha kesi mpaka kesho.

Kesho yake umeme ulirudi saa mbili usiku. Tulikunywa chai ya tangawizi, nikawasha, nikafungua orodha ya pale nilipokuwa nimeseivu. Kila mstari wa orodha ile unaandikwa jina la mhusika na mahali alipo. Baba mdogo akainamia skrini na miwani yake.

Tusekile. Tusekile. Tusekile. Kuanzia juu mpaka chini, pengine mara thelathini.

"Huyu ndiye anaitwa hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona wengi?"

Nikamweleza kuwa kabla ya jambo kubwa unaseivu, ili likienda vibaya urudi. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Akaweka kidole juu ya kioo, kwenye mistari miwili iliyofuatana, yote ya kileleni, akauliza hapa kulikuwa na jambo gani. Ningeweza kudanganya. Kaka alikuwa ananitazama, na yeye hakuwa anajua.

Nikasema. Wiki moja kabla baba mdogo hajaja, nilikuwa nimeshamuua yule joka. Wala sikumchukia. Sipendi kitu kibaki kwenye orodha bila kufutwa, hivyo nilipanda, nikampiga mishale mpaka akalala, nikashuka. Wazee wa monasteri wakanigeuzia mgongo, hawakutaka kunisaidia tena. Jambo hilo likaniuma kidogo, basi nikafungua ile ya nyuma, joka akawa hai, akanisalimu vizuri kama desturi.

"Ulimuua kwa jina hili?"

"Ndiyo, baba."

"Yeye anajua kama ulimuua?"

"Hajui. Kwake halijatokea."

"Jana ulipokuwa unatufasiria maneno yake, wewe ulijua."

"Nilijua."

Feni ikalia. Baba mdogo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha, akaivua tena. Nilitegemea anikemee kuhusu kucheza na majina ya marehemu, nikawa nimeshaandaa la kusema. Badala yake akasema kitu kuhusu bibi ambacho sikuwa nakijua: kwamba maisha yake yote hakuwahi kuchinja hata kuku, sikukuu ikifika anamwita jirani, kisha anaingia ndani na kufunga mlango mpaka aambiwe imekwisha.

"Rufaa ipo," akaongeza baadaye, kama anayejisemea. "Lakini hujikatii mwenyewe ukajisikiliza mwenyewe."

Akaomba chai nyingine. Hakutoa hukumu, wala hakuniambia nifute jina. Kesi haikuitwa tena.

Nilichokuja kugundua ni kwamba gemu lile halina mahali pa kukataa ikaandikwa umekataa. Unaweza kuwaambia Blades hutamuua, wanakasirika, basi. Kazi yenyewe inabaki kwenye orodha yako bila alama, hata ukimaliza mengine yote, hata ukimshinda Alduin mwenyewe. Itakaa pale. Njia pekee ya kuiondoa ni kupanda mlima. Kwa mtu wa tabia yangu yale yalikuwa mateso halisi, kila nikifungua orodha naiona, na mara mbili nilifika hadi ngazi za kati nikageuka.

Kaka naye aliendelea na Dalali, lakini nilimkuta siku moja amesimama dukani na ndoo mkononi, hamvishi mtu. Aliponiona akasema kompyuta imeganda. Haikuwa imeganda.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza baba mdogo mpaka Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ya Dar. Mkoba wake wa ngozi aliniachia nimbebee, mara ya kwanza. Coaster ilikuwa haijajaa, konda anaita Tukuyu, Kyela, wanawake wanapitisha mahindi ya kuchoma madirishani. Akapata kiti cha dirishani. Nikampa mkoba na dawa zake, nikamwambia azimeze kila siku hata akijisikia mzima.

"Ndaga, mama," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. Gari likaanza kusogea, likasimama tena kumsubiri mtu. Akatoa kichwa nje.

"Yule wa kaka yako, anaitwa nani?"

"Dalali, baba."

"Wa ukoo gani?"

"Hana ukoo."

"Ahaa," akasema, akarudisha kichwa ndani na kufunga kioo kwa sababu ya baridi.

Nikarudi Ilomba nikakuta umeme umekatika.