Siku yangu kliniki ya mbwa na paka: sindano ni sehemu ndogo tu

Saa 1:00 asubuhi. Naanza na friji. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na chanjo iliyoganda au kupata joto unaweza usiitambue kwa macho. Ukiidunga, mtu ataondoka na kadi iliyopigwa muhuri na mbwa asiye na kinga. Leo nyuzi 4. Naandika daftarini.

Wa kwanza kufika ni paka jike wa kufungwa kizazi. "Amekula chochote tangu usiku?" Baba anasema hapana. Mtoto aliyembeba anasema alimpa kidogo alfajiri, alikuwa analia. Upasuaji umeahirishwa, maana mnyama akitapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Siku zote muulize mtoto.

Saa 2:30. Zamu ya chanjo, na hapa ndipo ninapobishana na watu kuliko mahali pengine. "Daktari, ni sindano tu, nina haraka," anasema mama mmoja mwenye kitoto cha mbwa cha wiki 8. Sindano yenyewe haimalizi hata sekunde tano. Alichokuja kupata hasa ni dakika 20 zinazoitangulia: mizani, ufizi, masikio, ngozi, kusikiliza moyo, kupapasa tumbo. Kitoto chake kina ngiri ndogo ya kitovu ambayo hakuwa ameiona. Joto ni nyuzi 38.7, sawa kabisa kwa mbwa, ingawa kwa binadamu tungeiita homa. Lingekuwa 40 ningemrudisha nyumbani bila chanjo na kuanza kutafuta chanzo.

Halafu swali la kila siku: kwa nini arudi tena na tena? Kitoto hupata kingamwili za mama kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza. Zinamlinda, lakini pia zinaizima chanjo tunayompa. Kwa mmoja hupungua akiwa na wiki 7, kwa mwenzake aliyezaliwa siku hiyohiyo wiki 13, na kwa kumtazama tu siwezi kujua. Ndiyo maana tunaanza wiki ya 6 au ya 8, tunarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na hatusimami mpaka afikishe angalau wiki 16. Anayekatiza katikati ameacha ile dozi niliyokuwa naitegemea zaidi. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huja kuanzia wiki ya 12 na hurudiwa baada ya mwaka.

Dawa ya minyoo nayo hushangaza wengi. Vitoto vya mbwa huweza kuzaliwa tayari vimebeba minyoo kutoka tumboni mwa mama, na vingine huipata kwenye maziwa, kwa hiyo tunaanza vikiwa na wiki 2 tu. Mayai ya minyoo hiyo yakiingia mdomoni mwa mtoto anayecheza chini, naye anaweza kuugua.

Saa 4:00. Chumba cha upasuaji. Mbwa jike anafungwa kizazi, yaani kinatolewa, kazi imekwenda vizuri. Kizazi kikitoka, hofu ya kujaa usaha inaondoka nacho, na akifungwa kabla ya kuhitaji dume kwa mara ya kwanza hatari ya uvimbe wa matiti hushuka sana. Kwa mbwa wa maumbo makubwa huwa nashauri tuzungumze kwanza, pengine tusubiri viungo vikomae.

Saa 7:00 mchana. Bibi mmoja na paka wake wa miaka 11. Amekuja kwa chanjo ya mwaka. "Amekonda kidogo, lakini ni uzee, mwanangu." Mwaka jana alikuwa kilo 4.2, leo 3.6. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kupoteza kilo 10, na hakuna ambaye angeiita uzee. Paka huficha ugonjwa kwa ustadi mkubwa, mizani haifichiki. Nachukua damu na mkojo kuangalia figo na tezi ya shingo. Meno pia yana ukoga uliokuwa jiwe, ila hayo yatasubiri majibu, kwa sababu kuyasafisha vizuri kunahitaji kumlaza kwa dawa.

Saa 9:00. Kitoto kingine cha mbwa, cha miezi mitatu, kinatapika na kuharisha damu. Tunakipitisha mlango wa nyuma, mbali na wanaosubiri. Kipimo kinaonyesha parvo, kirusi kinachoharibu utumbo wa mbwa. "Lakini alichanjwa!" Kadi ina dozi moja, ya wiki ya 6. Hapa kliniki hatuna dawa ya kuua kirusi hiki ndani ya mwili. Tunaweka dripu, tunazuia kutapika, tunatoa antibiotiki ili bakteria wa utumbo ulioharibika wasivamie damu, tunasubiri. Meza inasuguliwa kwa klorini kwa kuwa dawa nyingi za kawaida za kusafishia hazikiui. Namwonya mwenyewe pia kuhusu ua wake: kirusi hukaa udongoni kwa miezi, asilete kitoto kingine ambacho hakijamaliza chanjo.

Saa 10:30. Kaka mmoja anataka dawa ya kupe, ya mbwa, "na paka nitampaka kidogo." Nasoma kibandiko: permethrini. Kwa paka ni sumu, huanza kutetemeka na anaweza kufa. Namtafutia ya paka.

Saa 12:00 jioni. Tunafunga hesabu, simu inalia. Paka dume anaenda kwenye boksi la mchanga tangu asubuhi, anakakamua, hakitoki kitu. Wanadhani amefunga choo. Mleteni sasa hivi, nasema, msingoje kesho. Kibofu kimekuwa kigumu mkononi. Njia ya mkojo ikiziba, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Tunaanza dripu, tunamlaza, tunaingiza mpira wa mkojo, mkojo unatoka mwekundu. Mwenye paka ananiuliza kama kuna chanjo ya hili. Hakuna. Namwambia tutazungumza kuhusu maji, chakula chenye majimaji na unene wake akitoka hapa. Usiku huu anabaki na mpira wake, na damu tunapima tena baada ya saa chache.